Hivi Prema wanapika mabingwa au wanapakua tu?

KonaKali: Wakuu nisaidieni, maana nimechoka kusikia Prema Prema kila siku kama vile wao ndio waliogundua usukani. Timu hii ya mbio za magari ilianza 1983 kule Italia, waanzilishi Angelo Rosin na Giorgio Piccolo, wakakaa kwenye F3 (madaraja mawili chini ya F1) na madaraja ya chini miaka zaidi ya 30. Halafu 2016 wanaingia GP2 (ndio F2 ya sasa, daraja moja chini ya F1) kwa mara ya kwanza, mwaka huohuo dereva wao Gasly bingwa na Giovinazzi wa pili, pointi 219 kwa 211. 2017 Leclerc. 2020 Mick Schumacher. 2021 Piastri. Sawa, hongera. Ila Gasly alikuja akiwa na Red Bull nyuma yake, Leclerc na Ferrari. Chungu kimeshaiva, wao wanashika upawa tu. Mimi nasema wanapakua. Nibishieni.

Mzee_Piston: Kona, umeongea kama mtu aliyesoma jedwali la mabingwa akafunga kitabu. Huyo Gasly wako 2015 alikuwa timu ya DAMS, GP2 hiyohiyo, hakushinda hata mbio moja. Moja! Kahamia Prema, mwaka unaofuata bingwa. Na kumbuka gari ni la aina moja kwa wote, bodi ya Dallara, injini moja, tairi za Pirelli ambazo zimetengenezwa ziishe haraka makusudi. Mazoezi ni dakika 45 halafu moja kwa moja kwenye kusaka nafasi ya kuanzia mbio, hakuna muda wa kuchezea springi na shokapu mpaka upate. Anayefika gari likiwa limeshasetiwa ndiye anayekula. Hiyo kazi inafanyika karakana, dereva akiwa bado hajavaa helmeti. Sasa kupika ni nini kama sio huko?

Dogo_Turbo: Hata Hamilton si alipita hapohapo Prema?

Mzee_Piston: Hapana dogo. Hamilton ni timu ya ART, 2006. Timu ya Vasseur na Nicolas Todt, Wafaransa. Rosberg 2005 pia walewale.

TairiKipara: Mimi hoja zenu nzuri ila Mick kwenye hiyo orodha anatafuta nini? Yule alibebwa, tuache unafiki.

BiSpana: Alibebwa na nani? Sema vizuri tukuelewe.

TairiKipara: Na jina dada, yule ni mtoto wa Michael, bingwa wa F1. Mlango ukiandikwa Schumacher unafunguka wenyewe. 2018 F3 ya Ulaya nusu msimu hashindi, ghafla anaanza kushinda kila wikiendi. Hata mpinzani wake Ticktum aliandika Instagram kwamba anapigana vita asiyoweza kushinda kwa sababu jina lake la ukoo sio Schumacher. Sio maneno yangu.

BiSpana: Ahaa, kwa hiyo ushahidi wako ni mtu aliyeshindwa akaenda kulia Instagram. Basi sikiliza. Huyo mtoto kwenye karting (mbio za vigari vidogo) alikuwa anakimbia kwa jina la Mick Betsch, jina la upande wa mama, ili watu wasimjue. Mtu anayetaka kubebwa na jina analificha? Ushindi wa kwanza 2018 ulikuja Spa mwishoni mwa Julai, kisha akamaliza msimu na ushindi 8 na ubingwa. Madereva wanachanua katikati ya msimu kila mwaka, mbona wengine hamuwapimi kwa mizani hiyo? Na njoo 2020. Mwenzake pale Prema alikuwa Shwartzman, kashinda mbio 4, Mick kashinda 2. Kama timu inabeba, inamwachiaje mwenzake ashinde mara mbili yake?

TairiKipara: Umenisaidia sana asante. Bingwa wa mbio 2 😂😂 Tena siku ya mwisho kule Sakhir kamaliza wa 18, WA KUMI NA NANE, na bado kapewa kombe.

BiSpana: "Kapewa". Unaona unavyochagua maneno? Ubingwa ni pointi za msimu mzima, 215 kwa 201 za Ilott aliyekuwa wa pili. Siku hiyo alifunga breki vibaya, tairi likakwanguka upande mmoja, akaingia kubadilisha, ndio maana akarudi nyuma. Shwartzman na ushindi wake 4 alimaliza wa nne kwenye msimamo kwa sababu siku mbaya zake zilikuwa mbaya kweli. Kama hujui hesabu usichekee wanaojua.

Dogo_Turbo: Samahani naomba niulize. Nyck de Vries 2018 alikuwa Prema, kamaliza wa nne. 2019 akaenda ART akawa bingwa. Na mwaka huohuo 2019 Prema walikuwa na Mick na Gelael, Mick akamaliza wa 12. Kwa hiyo kama Prema ndio wanapika, mwaka huo jiko lilizimika? Au ni dereva tu jamani

TairiKipara: Hesabu najua, nilikuwa nahesabu nilipokuwa naangalia F3 na wewe hujui hata mzunguko mmoja. Shabiki wa jina wewe.

BiSpana: Mimi shabiki wa jina? Nafuatilia hii timu tangu Jacques Villeneuve yuko pale F3 ya Italia, 1989 mpaka 1991. Wewe ulikuwa wapi?

TairiKipara: Villeneuve! MTOTO WA GILLES, DEREVA WA F1! Wakuu mmesikia wenyewe. Villeneuve, Schumacher, halafu Lance Stroll ambaye baba yake ni bilionea wa nguo. Lance kashinda mbio 14 kati ya 30 za F3 ya Ulaya mwaka 2016 na mwaka uliofuata yuko F1 na Williams. Prema ni bweni la watoto wa wakubwa. Nimemaliza.

Mzee_Piston: Hujamaliza, umeanza. Villeneuve hakuwahi kuchukua ubingwa pale, mwaka 1990 aliyechukua F3 ya Italia akiwa Prema ni Roberto Colciago, na wangapi hapa wanamjua Colciago? F1 hakufika. Kwa hiyo mtoto wa jina kubwa kaondoka mikono mitupu na asiye na jina ndiye kachukua kombe, hadithi yako imepinduka miguu juu. Na mabingwa wa Prema F3 ya Ulaya, Rosenqvist 2015? Ocon 2014? Ocon wazazi wake waliuza nyumba wakaishi kwenye karavani ili mtoto akimbie. Huyo naye ni bweni la wakubwa?

TairiKipara: Ocon alikuwa na Mercedes baadaye.

Mzee_Piston: Baadaye! Neno lako mwenyewe hilo.

KonaKali: Jamani swali lilikuwa la kupika na kupakua, sio nani mtoto wa nani. Ila kwa kuwa mmelifikisha huko, labda nilichotaka kuuliza hasa ni kama ubingwa wa Prema una maana yoyote ukifika juu. Piastri kachukua F3 2020, akachukua F2 2021 mwaka wake wa kwanza tu, na 2022 yote kakaa benchi kwenye timu ya F1 ya Alpine bila gari la mashindano. Mick kapewa kiti cha F1 timu ya Haas miaka miwili, pointi kapata Silverstone na Austria 2022, kisha kwaheri.

BiSpana: Kosa la Prema hilo? F1 ilikuwa na viti 20 tu mwaka huo na wazee hawakutoka.

Mzee_Piston: Kona nimeona umehamisha goli taratibu ukidhani tumelala. Haya nakufuata hukohuko. Unataka kujua kama karakana inajua kazi? Mei 2025, Indianapolis, timu haijawahi kukimbia mbio za duara kule, dereva ni mgeni, Shwartzman huyuhuyu, wanachukua poli (nafasi ya kwanza ya kuanzia) ya Indy 500, mbio kubwa za Marekani. Mgeni wa mwisho kufanya hivyo kabla yake ni Teo Fabi, naye Mwitaliano, mwaka 1983. Mwaka Prema ilipozaliwa. Mimi sio mtu wa ndoto ila hiyo ilinisisimua nywele.

TairiKipara: Malizia basi hadithi mzee. Kwenye mbio zenyewe kaingia piti, gari halikusimama, kawagonga mafundi wake mwenyewe. Upishi huo!

Mzee_Piston: Breki zile zilimletea shida, na kulala kwenye poli kunabaki kulala kwenye poli. Na wewe ambaye unacheka mafundi waliogongwa, pole sana.

BiSpana: Na hamjamtaja Marta García. F1 Academy, mashindano ya wanawake, mwaka wa kwanza kabisa 2023, bingwa, Prema. Hakuna baba maarufu hapo Kipara, au utatafuta mjomba?

TairiKipara: Sijasema wote wanabebwa, nimesema Mick.

BiSpana: Umesema BWENI. Panda juu usome.

TairiKipara: Bweni sio kubebwa. Bweni watu wanalipa.

Mzee_Piston: Duh. Hapo sasa kwa bahati mbaya kasema kweli, F2 karibu kila kiti kinalipiwa, kama sio baba basi ni akademia ya timu kubwa. Tofauti ni kwamba Prema wana foleni, wanachagua nani alipe. Na hata hivyo 2024 gari jipya lilipokuja walihangaika na Bearman na Antonelli ndani, wote wawili leo wako F1. Kwa hiyo hata ukiwa na viungo vyote, moto ukikukataa umekukataa.

Dogo_Turbo: Sasa mzee hiyo si ndio niliyouliza kuhusu De Vries? Hakuna aliyenijibu

TairiKipara: De Vries kaenda timu ya F1 ya AlphaTauri 2023, mbio 10 kaachwa, Ricciardo akaingia. Huyo hana cha kutufundisha.

Dogo_Turbo: Sijauliza habari za AlphaTauri.