Ngwara imepanda juu ya mahindi, maua yanadondoka. Nifanyeje?

MamaKulwa (Karatu)
Wadau, habari za jioni. Nina ekari moja ya ngwara (hii jamii ya maharagwe inayotambaa) kati ya mahindi, vyote vilipandwa siku moja. Sasa imejisokota hadi kwenye mbelewele, shamba halipitiki. Maua ya zambarau ni mengi mno, ila kila asubuhi nayakuta chini, na maganda ni ya kutafuta. Duka la pembejeo wameniambia niongeze urea. Wazoefu mnasemaje?

MzeeWaBabati
Mama Kulwa, hiyo urea waachie wenyewe. Ukiimwagia ngwara utavuna majani. Ng'oa mche mmoja taratibu, uangalie vinundu vya mizizini. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, mmea unajitengenezea mbolea yake, hauhitaji yako.

Sasa maua. Usiokote yaliyo chini, hayo yameshakufa. Chuma kitumba ambacho bado kimeshikana na wenzake, kifungue. Ukikuta utando mwembamba na kiwavi mdogo mwenye madoa meusi mgongoni, ndiye huyo. Anashona maua pamoja, anakula ndani kwa ndani, halafu anahamia kwenye ganda. Kama hayupo, kung'utia maua kwenye karatasi nyeupe: ukiona vijidudu vyembamba vinakimbia, ni thripi. Kama hakuna chochote, basi ni jua na ukame, hapo hakuna dawa ya dukani.

Dawa hupigwa vitumba vinapoanza kutokeza, kabla kiwavi hajajifungia ndani. Piga jioni nyuki wakisharudi. Kuna vijana huku wanapiga saa nne asubuhi, ua limefunguka, nyuki kibao, halafu wanashangaa mizinga kuwa mitupu.

Msimu ujao tanguliza mahindi. Yakifika magotini ndipo uchomeke ngwara, mstari hadi mstari karibu mita moja. Mahindi yakivunwa, ngwara inabaki shambani inakula unyevu wa chini. Mzizi wake unakwenda mbali, ndiyo maana Agosti huku kwetu kila kitu kimekauka na yenyewe ni kijani. Wala usisubiri maganda yote yakauke pamoja, hayatakauka. Pita uchume yaliyokauka, kisha urudi tena.

Njahi_Karatina
Majirani, hamjambo? Huku Kenya ngwara tunaiita njahi, na mimi niko upande wa kununua. Mama, kama maua ni ya zambarau, kwa kawaida mbegu itatoka nyeusi yenye ule mstari mweupe, na hiyo ndiyo soko la huku linataka. Maua meupe mara nyingi huleta mbegu ya kahawia, kama ile aina ya Rongai: mbegu yake ilitoka hapa kwetu Kenya, Waaustralia wakaitoa kwa wakulima wao mwaka wa 1962 iwe chakula cha mifugo. Ng'ombe wanaipenda, lakini mama aliyejifungua ukimpelekea njahi ya kahawia, shosho (bibi) atakuuliza hiyo ni nini. Anataka nyeusi, iliyopondwa na ndizi na viazi.

Tafadhali kausheni vizuri kabla ya kufunga. Gunia likiingiwa na fukusi wa maharagwe, kila punje ina tundu, nani atanunua? Tumieni ile mifuko isiyopitisha hewa.

MamaKulwa (Karatu)
Shikamoo Mzee. Nimefungua vitumba, viwavi wamo, na utando upo kama ulivyosema. Kesho jioni napiga. Swali la mwisho: majani nimpe ng'ombe wa maziwa? Na hizi mbegu, mbona jirani anasema zina sumu?

MzeeWaBabati
Marahaba. Ukishapiga dawa, majani usimpe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Baada ya hapo mpe, ila changanya na mabua makavu. Mbichi tupu akiila kwa njaa, tumbo linavimba.

Jirani yako hajakosea. Mbegu kavu, hasa nyeusi, si ya kutafuna mbichi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, ndipo uipike hadi ilainike. Hata uchungu unapungua.