S500 ya 2001 inalala mbele: shokapu mpya za hewa, za kukarabatiwa, mtumba, au nigeuze springi za chuma?

Mzizima_V8 (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wanaozijua Mercedes S za umbo la W220, zile zilizotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Gari ni S500 ya 2001, ya marehemu baba. Familia imenikabidhi na sina nia ya kuiuza. Injini na gia havina neno. Tatizo liko chini, kwenye shokapu za hewa, zile zenye mpira uliojazwa hewa unaobeba gari: ikilala usiku, asubuhi naikuta kona ya mbele kushoto imekaa, tairi limemezwa na fenda. Nikiwasha inapanda, ila siku hizi inachukua muda mrefu kuliko zamani, na kwenye dashibodi linakuja onyo kwamba gari iko chini mno.

Gereji nilizopita kila moja ina lake. Mmoja anataka tufunge shokapu za hewa mpya za kampuni ya Bilstein, zote mbili za mbele. Mwingine anasema kuna za kukarabatiwa, mwili wa zamani mpira mpya. Wa tatu ana mtumba wa Sharjah, uko Ilala, naweza kuuchukua leo. Wa mwisho anasema achana na hewa kabisa, weka springi za chuma na shokapu za kawaida kona zote nne. Bei zao zimepishana vibaya sana. Gari inatembea mjini, na mara mojamoja Morogoro au Tanga. Naomba mnilinganishie, hasa mliowahi kufunga.

Fundi_Tandika (Dar es Salaam)

Mkuu, pole kwa msiba wa mzee. Kabla ya kulinganisha bei nikuulize: kati ya hao wote, nani amekuonesha kwa macho hewa inatokea wapi? Kama hakuna, hujafika hatua ya kununua kitu.

Chukua chupa ya kupulizia, maji na sabuni. Washa gari ipande mpaka urefu wake wa kawaida, zima. Fungua boneti, pulizia pale bomba linapoingia kwenye kichwa cha shokapu. Kisha geuza usukani upate nafasi, vuta kifuniko cha vumbi, pulizia mkunjo wa mpira. Mwisho pulizia bloku ya vali, ile inayogawa hewa kwa kila kona, na viungio vyake. Povu likiota kwenye bomba la juu, huenda tatizo ni kiungio tu, na hicho ni kitu cha hela ndogo. Likiota kwenye mkunjo, mpira umekufa, na hakuna gundi wala kiraka kitakachoufufua. Kama mbele kote kunashuka kwa pamoja, pande zote mbili sawa, mimi humshuku bloku ya vali kabla ya shokapu.

Angalia pia vifimbo vidogo vya vihisio vya urefu. Kikivunjika au kiungo chake kikitoka, kompyuta inadhani gari iko juu wakati iko chini, nayo inaachia hewa bila sababu. Na kama unasikia kugonga kwenye mashimo, hapo usikimbilie shokapu. Mara nyingi ni boljointi na bushi za mikono ya chini. Nimeona watu wakilipia shokapu mbili za hewa kwa kelele ya bushi moja.

Sasa kompresa, yaani pampu ya hewa. Kompresa ya gari hii imeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika. Inapopambana na uvujaji kila siku inachemka, ringi ya pistoni inalika, na mwisho wake inanguruma tu bila kupandisha kitu. Maelezo yako kwamba gari inachelewa kupanda yananipa wasiwasi kwamba yako imeshaanza kuchoka. Halafu kuna relei yake, swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima. Meno ya ndani yakigandana, kompresa haizimi hata ukizima gari, inaendelea mpaka iungue au fyuzi ikatike. Ukibadili kompresa, badili na relei siku hiyohiyo. Hiyo haina mjadala.

Kwa upangaji wangu: mpya ya daraja la kiwandani kwanza. Ya kukarabatiwa pili, ila kwa masharti. Springi za chuma tatu. Mtumba siufungi.

Bi_Nyali (Mombasa)

Fundi, kwa heshima yako, springi umeziweka chini mno. Gari ya nyumbani kwetu ni S430, nayo tuligeuza. Huku pwani unyevu na chumvi havilali. Hewa yenye maji inaingia kwenye kompresa, kikaushia kikishachoka maji yanafika mpaka kwenye vali. Tulikuwa tunatibu kona moja, nyingine inaanza.

Ndugu yangu Mzizima, faida yake ni hii: asubuhi gari iko pale ulipoiacha. Matuta inapita. Fundi yeyote anajua springi ni nini, na siku ikikuharibikia Voi usiku hutaitafuta mashine ya kompyuta. Ukitaka kusafirisha watu watano na mizigo, nyuma itashuka kidogo, kwa sababu hakuna tena kitu cha kuinyanyua. Hilo lazima ulikubali.

La muhimu ni kwamba seti iwe ya injini yako. V8 ni nzito mbele, ukifunga springi za V6 gari itainama pua. Na lazima kuwe na kile kifaa kidogo cha kuiambia kompyuta kwamba kila kitu ni sawa, la sivyo onyo litakaa kwenye dashibodi maisha yako yote. Nawe mwambie fundi akurudishie kila alichokitoa, mabomba, bloku na vihisio. Mwenye gari wa baadaye akitaka kurudisha hewa, awe na pa kuanzia.

Hamburg_Mswahili (Hamburg)

Habari zenu. Huku Ujerumani springi si njia nyepesi kama mnavyoiona huko. Ukibadili mfumo wa springi lazima ukaguliwe na uandikwe kwenye karatasi za gari, vinginevyo kibali cha gari kutembea barabarani kinakufa. Kwa hiyo wengi wetu tunabaki na hewa, na tumelazimika kujifunza tofauti za shokapu zenyewe.

Shokapu ya gari hii ni vitu viwili katika kimoja: mpira unaobeba gari, na shokapu ya mafuta inayozuia gari isirukeruke. Anayekuuzia ya kukarabatiwa, muulize amebadili kipi. Wengi hubadili mpira peke yake. Gari itasimama vizuri asubuhi, lakini ile shokapu ya ndani bado ni ya 2001, na ukiwa kwenye mwendo utaisikia. Muulize pia kama plagi ya umeme ya juu inafanya kazi. Gari hii hulegeza na kukaza shokapu yenyewe kufuatana na barabara, na zipo za bei chee ambazo plagi ipo kwa sura tu, ndani hakuna kitu.

Arnott wa Marekani wanauza zao wenyewe kwa magari haya, na kwa watu wengi ni njia ya kati inayoeleweka, ipo chini ya Bilstein kwa bei na inakuja na dhamana ya maandishi. Za bei ya kutupwa zisizo na jina, mimi siwezi kukushauri. Mpira unaobeba gari ya karibu tani mbili si mahali pa kubahatisha.

Kuhusu springi, dada wa Nyali ana haki kwa mazingira yake. Lakini tuseme kinachopotea. Mercedes waliweka hewa kwenye 300 SE tangu 1961, na kwenye W220 gari zima limejengwa kwa kuizingatia. Ukivuka kilomita 140 kwa saa inajishusha milimita 15. Ukipakia inajisawazisha. Ile hali ya kupita kwenye lami mbovu ukiwa unaongea kwa sauti ya chini na aliyekaa nyuma, ndiyo iliyomfanya mzee aichague S. Ukiitoa unabaki na gari nzuri, kubwa, lakini nyingine.

Na jambo la pembeni, gari ikiwa juu: giaboksi ya gia 5 ina plagi ya umeme ya pini 13 inayovujisha mafuta. Mafuta hupanda ndani ya waya taratibu mpaka kwenye kompyuta ya gia. Ipanguse, angalia kama imelowa. Kibadilishe kile kipande cha plagi mapema, hakina bei.

Mzigo_wa_Sharjah (Sharjah)

Nafanya kazi ya spea huku, kwa hiyo nisikilizwe bila kudhaniwa kuwa naharibu biashara. Fundi Tandika yuko sahihi juu ya mtumba wa mpira. Magari mengi yanayokatwa huku yameishi kwenye joto la jangwani, na yakishakatwa shokapu hukaa kwenye yadi juani, haina hewa, mpira umejikunja mahali pamoja. Ukiijaza tena inapasuka palepale kwenye mkunjo. Inaweza kushika hewa mbele ya muuzaji na bado isimalize msimu.

Huku chukueni vioo, taa, milango, viti, rimu, vihisio vya urefu, hata mapambo ya mbao ya ndani. Hivyo ni vizuri na vingi. Kompresa ya mtumba nayo iacheni. Hakuna anayejua imepambana na uvujaji wa muda gani kwa mwenyewe wa kwanza.

Ukilazimika kununua mtumba kwa sababu gari imekwama, angalau angalia tarehe iliyochapwa kwenye shokapu, na ubonyeze mpira kwa kidole. Ukiona nyufa nyembamba kwenye mkunjo, rudisha.

Grogan_Mkongwe (Nairobi)

Wazee, naona hakuna aliyesema lililo wazi. Kwa hesabu hizi, kwa nini asichukue Toyota Celsior au Crown Majesta akalala usingizi? V8, utulivu uleule, na spea ziko kila kona.

Fundi_Tandika (Dar es Salaam)

Mzee wangu, alishasema gari ni ya baba yake na haiuzi. Lakini nijibu kwa faida ya wengine wanaosoma. Celsior ya 2000 hadi 2006 ya daraja C inakuja na hewa vilevile, na Majesta nyingi ni hivyohivyo. Mtu anakimbia hewa ya Mjerumani anakwenda kununua hewa ya Mjapani. Ukitaka Celsior ya springi, tafuta A au B. Tena ile V8 ya 3UZ inatumia mkanda wa taimingi, ukikatika vali zinagonga pistoni. Injini ya S500, M113, ni ya cheni. Kwa injini, sioni kwa nini Mzizima aionee wivu Toyota. Ina plagi 16, ni kweli, mbili kwa kila silinda, na siku ya kuzibadili utaziona kwenye bili. Zaidi ya hapo, angalia mpira wa puli ya kranki usije ukaachana, na uvujaji wa mafuta kwenye vifuniko vya vali.

Grogan_Mkongwe (Nairobi)

Nimekuelewa, fundi. Hapo kwa daraja C sikuwa na habari. Basi niongeze hili la Kenya: huku gari iliyozidi miaka 8 haiingii tena kutoka nje, kwa hiyo W220 zilizopo ndizo zilizopo. Anayekata moja kwa ajili ya spea anapunguza idadi. Mwenye nzima aitunze.

Mzizima_V8 (Dar es Salaam)

Wakuu, asanteni sana. Nimepima na sabuni kama fundi alivyoelekeza. Kiungio cha juu kikavu. Povu limeota kwenye mkunjo wa mpira wa kushoto, na wa kulia una nyufa ndogo ingawa bado haujatoa povu. Kompresa, nikizima gari, nayo inazima, kwa hiyo relei bado haijaganda.

Dada wa Nyali, nimekusoma vizuri, na kama ningekuwa naishi safarini ningekufuata. Kwangu gari hii inakaa mjini na mama ndiye anayepanda nyuma. Nabaki na hewa. Bilstein mbili zimenizidi uwezo kwa sasa, ila zile za njia ya kati zenye dhamana na plagi inayofanya kazi nitazimudu, pamoja na kompresa na relei mpya. Mtumba nimeufuta. Fundi, kuna cha kuangalia wakati wa kufunga? Nataka niwepo.

Fundi_Tandika (Dar es Salaam)

Kuwepo ni vizuri. Kwanza, asiingie mtu chini kwa jeki peke yake. Gari hii hewa ikitoka inashuka ghafla, stendi ziwe pande zote mbili. Mabomba yakatwe mwisho wake kwa kisu kikali na sawasawa, kiungio kipya kila upande, kile cha zamani kisirudishwe.

Pili, na hapa ndipo shokapu mpya nyingi zinapofia: gari isishushwe chini shokapu zikiwa tupu. Mpira usio na hewa ukibebeshwa uzito unajikunja vibaya na kujikata. Magurudumu yaning'inie, hewa ijazwe kwanza kwa mashine, mpira ujinyooshe, ndipo jeki ilegezwe taratibu.

Wakati shokapu zimetoka, paka dawa ya kutu ndani ya matao ya magurudumu, maana kwa miaka hiyo na hewa ya bahari lazima kuna mahali imeanza. Boljointi za chini zikiwa na uhuru, zibadilishwe hapohapo, kazi ya kufungua umeshailipia. Kisha iache usiku kucha mahali tambarare, pima kwa utepe kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, jioni na asubuhi. Ikiwa haijashuka, ipeleke alaimenti kabla hujaanza kuitumia, kwa sababu mbele ikisimama kwa urefu tofauti na ule ilioshazoea, matairi yataanza kulika upande wa ndani.