MJADALA: Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bado ipo. Je, habari za barafu kuyeyuka kwenye ncha za dunia ni uongo?

MTOA MADA (Moshi):

Wakuu, salaam.

Kuna hoja inarudiwa sana hapa mjini, kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya daladala za Marangu: "Wazungu walisema theluji ya Kilimanjaro itaisha ifikapo 2020. 2020 imepita, theluji ile pale, kwa hiyo hizi habari za tabianchi na barafu za huko Kaskazini ni dili la watu." Juzi nimeisikia kwa mzee ninayemheshimu sana, na vijana waliokuwepo wakaitikia wote. Inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Mwaka 2000 timu ya Profesa Lonnie Thompson kutoka Ohio, Marekani, ilipanda Kibo, ikatoboa barafu sehemu sita na kutoa vipande virefu vya kupimwa. Matokeo yalichapishwa 2002: barafu ya chini kabisa ina umri wa karibu miaka 11,700, na kwa kasi iliyokuwepo, yote ingeisha kati ya 2015 na 2020. Haikuisha. Anayetetea sayansi halafu akakwepa hapo, anaiharibia sayansi yenyewe.

Sasa tuache utabiri, twende kwenye vipimo. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Na tusichanganye mambo: ule weupe tunaouona asubuhi baada ya mvua za masika, mlima mzima unang'aa na watu wanapiga picha wakisema theluji imerudi, ni theluji mpya. Jua likiwaka siku chache, imeondoka. Barafu inayozungumziwa ni ile ya miaka mingi, yenye kuta zilizosimama kule juu.

Msimamo wangu huenda ukawaudhi hata walio upande wangu: tuache kuufanya mlima wetu kuwa shahidi mkuu. Mwaka 2007 wanasayansi Philip Mote na Georg Kaser walieleza kwamba kule kileleni hewa iko chini ya nyuzi sifuri karibu muda wote, na sehemu kubwa ya barafu inapotea kwa jua kali na hewa kavu, inageuka mvuke bila hata kupita kwenye maji. Isitoshe, ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, kabla viwanda havijajaza hewa ya ukaa kama leo. Wenyewe hawapingi kwamba dunia inapata joto. Wanachosema ni kwamba Kibo ina mambo yake.

Ushahidi mzito uko kwingine. Setilaiti zinapima barafu ya bahari ya Aktiki, kule ncha ya Kaskazini, mfululizo tangu 1979. Kila mwaka hufikia kiwango cha chini mwezi Septemba. Miaka ya 1980 kiwango hicho kilikuwa karibu kilomita za mraba milioni 7. Septemba 2012 kilishuka hadi kama milioni 3.4. Kuna wanaosema, "mbona rekodi ya 2012 haikuvunjwa mwaka uliofuata?" Ndiyo, haikuvunjwa. Ila hata Septemba nzuri zilizofuata zilibaki chini ya Septemba yoyote ya kabla ya 2007. Huo ndio mteremko ninaotaka tuujadili.

Karibuni. Anayepinga aje na hoja, matusi hapana.

MCHANGIAJI (Arusha):

Mkuu, umeiruka Antaktika makusudi. Mwaka 2014 barafu ya bahari kule Kusini ilivuka kilomita za mraba milioni 20, kiwango kikubwa kuliko vyote tangu setilaiti zianze kupima. Kama dunia inachemka, hiyo ilitoka wapi? Pili, tabianchi ilikuwa inabadilika kabla ya gari la kwanza kutengenezwa. Enzi za barafu, zile za kale dunia ilipokuwa na barafu nyingi sana, ziliisha bila kiwanda hata kimoja. Nani alichoma mafuta wakati huo?

MTOA MADA:

Ndugu yangu wa Arusha, maswali yote mawili ni ya msingi.

La 2014 ni kweli kabisa. Ila usiishie hapo. Kuanzia 2016 barafu hiyohiyo ilishuka kwa ghafla, na Februari 2023 ikafika chini ya kilomita za mraba milioni 1.8, ndogo kuliko ilivyowahi kupimwa. Upepo na mikondo ya bahari ya Kusini huivuta huku na kule, na wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Kwa hiyo mimi sitaitumia 2023 kukupiga nayo, na wewe usiitumie 2014.

Ila kuna barafu inayoelea na kuna barafu iliyokaa juu ya nchi kavu. Vipande vya barafu vikiyeyuka ndani ya glasi, maji hayapandi. Inayopandisha bahari ni ile ya nchi kavu, yaani ya Greenland, kile kisiwa kikubwa cha Kaskazini, na ya bara la Antaktika. Hiyo inapimwa kwa uzito. Tangu 2002 setilaiti pacha zimekuwa zikizunguka dunia zikifuatana, zimeachana kama kilomita 220. Zinapopita juu ya kitu kizito, mvuto wake unabadilisha kidogo umbali kati yao, na umbali huo unapimwa kwa usahihi wa ajabu. Greenland imekuwa ikipoteza kwa wastani zaidi ya tani bilioni 250 kwa mwaka, Antaktika zaidi ya bilioni 100. Hapo hakuna suala la picha kupigwa vibaya. Na bahari nayo imepanda karibu sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ndugu zetu wa Pangani na Unguja hawahitaji setilaiti kulijua hilo tatizo.

Kuhusu enzi za barafu: zilikuja na kuondoka kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua, na jinsi dunia ilivyoinama, hubadilika polepole kwa maelfu ya miaka. Tunalijua hilo kwa sababu ya barafu hiyohiyo. Mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 hewa ya ukaa haikuwahi kuvuka sana sehemu 300 kwa milioni. Leo imepita 420. Na kama ungesema ni jua, jua limepimwa na setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na halijaongeza nguvu. Zaidi ya hapo, jua lingepasha anga la chini na la juu pia. Vipimo vinaonyesha la chini linapata joto huku la juu likipoa. Hiyo ni alama ya joto linalonaswa huku chini. Jibu hapo, nakusubiri.

MWONGOZA WATALII (Marangu):

Kaka, mimi si msomi, lakini hilo la kuiweka Kibo pembeni sikubaliani nalo. Ile barafu ya Furtwängler ndani ya kreta, nilipoanza kupanda ilikuwa kipande kimoja. Sasa imegawanyika. Mchana jua likipiga ukuta wake unasikia matone, na hewa ni baridi ya kupasua midomo. Hans Meyer na Purtscheller, wale Wazungu wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1889 walikata ngazi kwenye barafu ndipo wakafika ukingoni mwa kreta. Leo njia ya Marangu mgeni anakanyaga changarawe na vumbi. Huu nao si ushahidi?

MAMA MKULIMA (Kibosho):

Wanangu, mnabishana vizuri. Mimi nauliza ya kwangu. Mfongo wetu, huu mfereji wa kumwagilia mashamba, maji yamepungua, migomba inanyong'onyea mwezi wa tisa. Hiyo barafu ikiisha tutakunywa nini?

MTOA MADA:

Shikamoo mama. Maji ya mfongo hayatoki kwenye barafu, au yanayotoka huko ni kidogo sana. Yanatoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlima. Ndiyo maana ule moto wa Oktoba 2020, na mwingine wa Oktoba 2022, uliniumiza kuliko kipande chochote cha barafu kilichoanguka.

Kaka wa Marangu, unachokiona ni kweli, barafu inakwisha. Ninachobisha ni sababu: ukavu umechangia kiasi gani, joto la dunia kiasi gani. Wapo wanaouhusisha ukavu wenyewe na mabadiliko ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo huenda tukakutana. Ninyi mnaopanda kila msimu, tuwekeeni picha za sehemu moja, zenye tarehe.

Na wewe mama, huo mfongo unaanzia ndani ya msitu au chini yake? Zamu za maji bado zinafuatwa, au kila mtu anafungulia anavyotaka?