Nimeulizwa nguvu zangu ni zipi, nikajibu kilo 20. Nisaidieni kabla ya Alhamisi

Mgumu wa Pasua
Wakuu, salaam. Niko Moshi. Mwaka wa tisa huu napandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro, mitatu ya mwisho nimekuwa msaidizi wa mpishi. Goti la kulia limeanza kugoma, nikaomba kazi ya stoo kwenye kampuni moja ya utalii hapa mjini: kupanga mahema, vyakula, mitungi ya gesi na mizigo kabla kundi halijatoka.

Kwenye usaili mama mmoja akaniuliza, "Nguvu zako ni zipi?" Nikajibu bila kufikiri: "Kilo 20, mama, na begi langu juu." Wakacheka, nikacheka nao, kumbe nimechemka. Bahati wameniita tena Alhamisi. Sina cheti, Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu na maji ya kunawa, na ninachofanya mlimani kila mgumu (mbeba mizigo) anakifanya. Hizo nguvu nazitoa wapi?

Chalii wa Sakina
Ungewatajia na mtungi wa gesi wangekupa kazi palepale 😂😂

Mama Mitumba Kiboriloni
Mdogo wangu, achana na huyo wa Arusha. Mimi belo likifunguliwa, wenzangu wanageuza shati pande zote. Mimi mkono ukigusa kola tu najua hili linauzika au ni la kudekia. Nilidhani kila mtu yuko hivyo, mpaka nilipoona wenzangu wananisubiri nichague ndiyo nao waangalie nilichoshika. Hebu jiulize: ni kitu gani wenzako wakikikosea unawashangaa, "hawa nao, hata hili?" Tutajie kimoja.

Mgumu wa Pasua
Asante dada. Labda maji. Njia ya Machame, ukishaondoka kambi ya Karanga hakuna maji tena, ya kutumia kambi ya Barafu yote yanabebwa kutoka huko chini. Mimi naanza kuhesabu tangu getini: wageni wangapi, chai, supu, ya kunawa, ya chupa zao usiku wa kwenda kileleni, na sisi wagumu nao tunakunywa. Halafu nagawa madumu nikiangalia nani kachoka. Nimeshaona makundi yanafika Barafu jioni, maji hayatoshi, mtu anarudishwa Karanga gizani. Nakasirika hata kama si kundi langu. Lakini hiyo si nguvu, ni akili ya kawaida.

Mama Mitumba Kiboriloni
Soma tena ulichoandika. Taratibu.

Mwalimu Mstaafu Marangu
Kijana wangu, neno lenyewe ndilo lililokuponza, maana kwetu nguvu ni misuli. Wamarekani wawili, Christopher Peterson na Martin Seligman, mwaka 2004 walitoa orodha ya nguvu 24 za tabia katika makundi 6. Humo kuna uangalifu, yaani kuona tatizo kabla halijafika, na kuna kutenda haki, ambayo naiona kwenye hayo madumu. Ucheshi nao umo, kwa hiyo kilo 20 haikupotea bure. Hata unyenyekevu umo, ila Alhamisi usiutangulize.

Dodoso lao lipo bure kwenye intaneti, lakini linapima unavyojiona, na wewe hujioni. Tafuta watatu uliopanda nao. Usiwaulize "mimi nikoje?", watakusifia tu. Waulize: "Ni siku gani niliwafaa kweli?" Waache wakumbuke.

Mpishi Mkongwe
Nitaharibu sherehe kidogo. Nilifanya kazi na mtu wa hesabu kama wewe. Hodari, ila alituhesabia mpaka vijiko vya sukari, siku ya tatu kambini hatusemezani naye. Stoo utakutana na waongozaji wanaobadilisha oda alfajiri gari likiwa linanguruma. Wakikuuliza udhaifu, wasikukute na lile jibu la "ninajituma kupita kiasi". Waambie unajua hesabu yako inaweza kugeuka kero, na ukiona imefika huko unafanyaje.

Chalii wa Sakina
Utani pembeni, kaka. "Mimi ni mpangaji mzuri" watalisikia kwa kila atakayeingia. Wasimulie Karanga na Barafu kama ulivyotusimulia sisi, na idadi ya madumu uitaje. Mimi sijawahi kupanda huo mlima na nimekuelewa.

Mgumu wa Pasua
Mrejesho wakuu. Nimeuliza watatu. Wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wametaja maji. Mmoja akaongeza siku ile kambi ya Barranco dogo mmoja alikuwa anatapika, nikamtua mzigo nikaugawa kwa wengine na hakuna aliyenuna. Hiyo nilishaisahau kabisa. Wa tatu amesema nilimfaa siku nilipomkopesha, na anaomba tena elfu kumi.

Mwalimu, shikamoo na asante. Ijumaa nitarudi kuwaambia.