Je, mtihani wa fizikia wa sekondari upime uwazaji kina?

MTOA MADA, MOMBASA
Mtaala wa umilisi wa Kenya unautaja uwazaji kina, yaani kuhoji na kupima ushahidi kabla ya kuamua, na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Hata hivyo, katika karatasi ya tatu ya fizikia, ile ya majaribio, ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari wa mtaala uliotangulia), yenye alama 40, mtahiniwa huelekezwa hatua kwa hatua aunganishe kifaa gani, asome kipimo kipi na achore grafu ya nini. Atakayehoji iwapo jaribio lenyewe linafaa hana pa kuandika. Nashikilia kwamba Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala wa umilisi, ianze na maswali ya namna nyingine, na kuongeza ugumu wa hesabu siko ninakokusudia, kwani mtu aweza kukokotoa kanieneo bila kosa na asijue kama vipimo alivyopewa ni vya kuaminika.

Mfano: mwanafunzi asimama kwenye kivuko cha Likoni, atia alama ukutani ili apime feri inazama kiasi gani malori yanapopanda, na wakati huohuo maji yanakupwa. Je, tofauti aliyoiona imeletwa na malori? Angepima vipi? Anayetambua kwamba alama ilistahili kuwa ubavuni mwa feri, si ukutani, amefikiri kifizikia.

MCHANGIAJI, KISAUNI
Mwalimu, swali ni zuri, ila nani atalisahihisha kwa haki? Jibu lilelile msahihishaji mmoja atalipa alama tano, mwenzake mbili. Na mtoto wa Mandera ambaye hajaona maji kupwa na kujaa tutamhukumu kwa lipi?

MTOA MADA
Hoja ya Mandera naikubali kabisa: swali liambatane na jedwali la kina cha maji kwa kila dakika kumi, ili asiyeijua bahari aweze kuigundua sababu kutoka kwenye takwimu. Kuhusu usahihishaji, watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Stanford nchini Marekani walitunga jaribio la uwazaji kina kwa maabara za fizikia za chuo kikuu, ambamo mwanafunzi hutathmini kazi ya vikundi viwili vilivyochunguza mzigo unaoning'inia kwenye springi. Walianza kwa kukusanya majibu ya maandishi ya wanafunzi wenyewe, kisha wakayageuza kuwa orodha ya machaguo, hivyo alama haitegemei tena jicho la msahihishaji mmoja. Kazi hiyo ya kukusanya majibu walimu wa Mombasa wanaweza kuianza muhula huu, bila kungoja baraza la mitihani.