Mjadala: Msamaha wa deni la Sudan ulipositishwa, aliyeadhibiwa ni nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juzi mwenzetu mmoja alisema hapa kwamba wabunge wa nchi kubwa wana silaha mbili za kuzima vita bila risasi: kumbana mchokozi kifedha na kumsamehe deni aliyeshambuliwa. Mfano wake ulikuwa Ukraine. Ni kweli, Mei 2022 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura 362 kwa 56 kutaka Ukraine isimamishiwe ulipaji wa madeni, na miezi michache baadaye walioikopesha kwa hati fungani wakakubali kungoja miaka miwili kwa deni la takriban dola bilioni 20. Sipingi. Nchi inayopigwa makombora utaidaije riba? Mimi naleta Sudan, kwa sababu kule silaha zote mbili zilitumika, na naamini mojawapo ilimwangukia asiyehusika.

Nianze na linalotugusa. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zililipuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar 11. Sudan ilikuwa imempa Osama bin Laden hifadhi miaka ya nyuma yake, na mahakama za Marekani zikaibebesha lawama. Vikwazo vya biashara vilikuwa vimeshawekwa tangu 1997, na Bunge la Marekani likaongeza sheria zake: ya 2002 kwa ajili ya vita vya kusini mwa nchi, ya 2006 kwa ajili ya vita vya Darfur, magharibi mwake. Rais Omar al-Bashir alikaa tu. Kilichomtikisa ni watu wa Atbara walioingia barabarani Desemba 2018 kwa hasira ya bei ya mkate, moto ukasambaa mpaka Khartoum, na Aprili 2019 jeshi lake mwenyewe likamweka kando.

Serikali ya mpito ya waziri mkuu wa kiraia, Abdalla Hamdok, ikarithi deni la dola bilioni 56. Ili Sudan itolewe kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi, ilibidi kwanza itoe dola milioni 335 za fidia kwa waathirika wa ugaidi. Watu wanapanga foleni ya mkate tangu alfajiri, serikali yao inakusanya mamilioni ya kulipia dhambi za Bashir. Ikalipa. (Na hapa kwetu waliopofushwa na vioo Nairobi wakiwa wapita njia tu, wengi wao hawakuona hata senti.)

Milango ikafunguka. Machi 2021 Marekani ikatoa mkopo wa muda mfupi wa dola bilioni 1.15 kufuta malimbikizo ya deni la Benki ya Dunia, Ufaransa ikafanya hivyo hivyo kwa upande wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mwezi Juni Sudan ikaingia kwenye mpango wa msamaha kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, Julai Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazokopesha, ikafuta dola bilioni 14. Hesabu ilikuwa deni lishuke kutoka bilioni 56 hadi bilioni 6 hivi ndani ya miaka mitatu. Kubwa zaidi kwangu ni mpango wa Thamarat: dola 5 kwa mwezi kwa kila mtu katika familia zilizoandikishwa. Ni fedha kidogo, lakini zilifika mkononi.

Tarehe 25 Oktoba 2021 mkuu wa jeshi, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, akaipindua serikali hiyo. Siku mbili baadaye Benki ya Dunia ikasimamisha malipo. Marekani ilikuwa imeshazuia dola milioni 700 za msaada. Msamaha wa deni ukakwama, Thamarat ikafa. Sasa tuwaangalie majenerali. Dhahabu iliendelea kupanda ndege kwenda Dubai. Vita vikalipuka tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF. Kampuni zao ziliwekewa vikwazo vya Marekani Juni mwaka huo. Hemedti mwenyewe, mkuu wa wanamgambo wa RSF, ni Januari 2025. Burhan naye, Januari 2025.

Yaani mama wa Omdurman, mji pacha wa Khartoum, alikatiwa dola zake tano ndani ya siku mbili, na aliyempindulia serikali alisubiriwa zaidi ya miaka mitatu.

Hapa Kampala nina jirani, mwalimu aliyekimbia kutoka Omdurman. Kila mwisho wa mwezi anamtumia kaka yake fedha kwa Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum. Kaka anakwenda dukani kwenye dishi la Starlink la intaneti ya setilaiti, analipia saa moja ya intaneti, anafungua simu, salio limeingia. Lakini hilo ni tarakimu tu. Akitaka noti, mwenye duka anakata chake. Mama yao alipokea Thamarat mara mbili, kisha kimya. Nilipomuuliza jirani iwapo vikwazo alivyowekewa Burhan vimebadilisha lolote nyumbani kwao, aliniuliza kama Burhan anatumia Bankak.

Hoja yangu ni hii: wabunge wakitunga sheria za aina hii, adhabu imfuate mtu, kampuni yake na dhahabu yake. Msamaha wa deni usigeuzwe kiboko. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Bukavu

Ndugu yangu, nimekusoma hadi mwisho na sikubaliani nawe. Hamdok mwenyewe alisema mwaka 2020 kuwa asilimia 80 ya rasilimali za taifa ziko nje ya mamlaka ya wizara yake ya fedha. Viwanda, machinjio, biashara ya dhahabu, vyote ni vya jeshi na washirika wake. Ungemsamehe nani baada ya mapinduzi? Ungekuwa umewaambia majenerali wote wa Afrika kwamba pindua leo, kesho wazungu wataendelea kukufutia deni.

Na sisi tunaujua msamaha. Kongo ilifutiwa dola bilioni 12.3 mwaka 2010. Njoo Kivu uniambie ni barabara gani ilitokana nao. Miaka miwili baadaye waasi wa M23 wakaingia Goma mara ya kwanza. Leo wako Goma na wako hapa kwetu. Benki za Goma zilifungwa tangu Januari 2025, mtu ana mshahara kwenye akaunti na hana cha kununulia unga. Mimi nikisikia msamaha wa deni nauliza kwanza ni nani ameshika ufunguo wa hazina. Bila jibu la hapo, bora wasubiri.

Mleta mada

Ndugu wa Bukavu, poleni sana, na la Kongo umenibana. Sina barabara ya kukuonyesha. Nakubali pia kwamba fedha za kupita wizarani zingeishia jeshini, sitetei hilo.

Ila tusichanganye vitu viwili. Deni la Sudan lilikuwa halilipwi. Malimbikizo ya IMF yalianza 1984. Kulifuta hakumpi Burhan noti yoyote ya kununulia risasi. Lililokuwa na thamani ni mlango wa ruzuku uliofunguka baada ya malimbikizo kulipwa, na ndio uliofungwa. Wangeweza kuzuia hatua za mwisho za msamaha mpaka raia warudi madarakani, hapo nakuunga mkono, na wakaacha Thamarat iendelee kwa mkono mwingine. Usiseme haikuwezekana: Julai 2022 Benki ya Dunia hiyo hiyo ilitoa dola milioni 100 kupitia Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, bila kuzipitisha serikalini. Njia ilikuwepo. Ilichukua miezi tisa kuipita, na miezi tisa hiyo watu waliila kwa madeni ya dukani.

Kuhusu ufunguo wa hazina, wa vita hivi mimi nauona Dubai, Umoja wa Falme za Kiarabu, kuliko Khartoum. Seneta Chris Van Hollen na Mbunge Sara Jacobs waliwasilisha miswada ya kuzuia Marekani kuuzia Umoja wa Falme za Kiarabu silaha mpaka iache kuwapa RSF. Huo mimi naona ulikuwa mkono sahihi kabisa, unamgusa mwenye fedha. Haikupita. El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini, ilizingirwa tangu Mei 2024, na Oktoba 2025 ikaanguka kwa RSF, ambao kiongozi wao alikuwa kwenye vikwazo kwa zaidi ya miezi tisa.

Kwa hiyo nikuulize moja, na wengine wachangie pia. Dhahabu ya Darfur na dhahabu ya Kivu Kusini zikifika kwenye soko moja la ng'ambo, zikayeyushwa pamoja, sheria gani ingeweza kumgusa anayezinunua kabla hazijayeyushwa? Wewe uko karibu na machimbo kuliko mimi. Mzigo unapotoka huko, unaandikiwa karatasi na nani?