MREJESHO: Mzee wa Newala aliyekuwa na mpira wa mkojo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama tezi dume iliyovimba inatibika bila kupasuliwa tumbo, maana mzee wangu (miaka 71) alikuwa anatembea na mpira wa mkojo na kisu hataki hata kukisikia.

Asanteni sana, hasa aliyesema tuache mizizi kwanza, tupime PSA (kipimo cha damu kinachosaidia kuangalia dalili za saratani ya tezi dume). Tulipima, haikuwa na shida. Tukaanza na tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya tezi ili mkojo upite. Ikampa kizunguzungu kila akiinuka, na mpira ulipotolewa kwa majaribio mkojo ukagoma tena.

Ndipo tukafuata ule ushauri wa pili: kukwangua tezi kwa kifaa kinachopitia njia ya mkojo, tumboni haguswi. Ganzi ya mgongo tu, mwenyewe yuko macho anapiga soga. Siku ya 3 mpira ukatoka, akakojoa, akacheka kama mtoto.

Si yote yamenyooka. Mkojo ulikuwa na damu damu kama wiki mbili, na usiku bado anaamka mara 2 (zamani 6). Halafu shahawa sasa hazitoki, zinarudi kwenye kibofu. Daktari alitutahadharisha mapema, mzee akajibu, "Wajukuu tisa wanatosha."

Huu ni mwezi wa tatu tangu akwanguliwe, karudi kwenye mikorosho yake.